Barua kwa Mwanangu: Hilo Sikuulizwa

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, lakini shamba haachi. Meseji yako niliisoma nikaiweka kando, nikairudia baada ya isha. Unasema hapo kazini mmebishana mchana kutwa, wengine wanataka wauaji wanyongwe, wengine wanataka wafungwe maisha, nawe ukawaambia utamuuliza baba kwa kuwa baba alikuwa mzee wa baraza, raia wa kawaida anayekaa na jaji kusikiliza kesi na kutoa maoni. Sasa unataka neno moja tu: kamba au kifungo?

Mwanangu, mimi hilo sikuulizwa. Katika kesi zote nilizokaa na jaji, hakuna siku aliyonigeukia akasema, "Mzee, huyu tumfanye nini?" Tuliulizwa kitu kimoja: ameua kwa kukusudia au hakukusudia? Tukishatoa maoni, basi. Hata hayo maoni jaji halazimiki kuyafuata. Na yeye naye akishamtia mtu hatiani kwa kukusudia, hana la kuchagua, maana kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kimeshamchagulia. Mwanamke mwenye mimba hanyongwi, aliyekuwa chini ya miaka 18 hanyongwi. Wengine wote, kamba. Aliyemtilia mumewe sumu ili abaki na nyumba, na aliyemtwanga mwizi wa kuku rungu la kichwa kwa hasira, wakitiwa hatiani kwa kosa hilo wanasomewa maneno yaleyale.

Ndiyo maana nasema, na najua wewe na kaka yako mnanicheka nikianza: kesi ya mauaji ina watu watatu, aliyekufa, aliyeua na aliyebaki, na mahakama inamtazama mmoja tu.

Ile kesi ya mpaka unaikumbuka. Ulikuwa sekondari, na mama yako alikuwa akiwasimulia wageni mpaka chai inapoa. Lakini alichokuwa anasimulia ni nusu ya kwanza.

Kijana alimkata jirani yake panga saa tatu usiku, palepale kwenye mpaka wa mashamba waliokuwa wakiugombea. Utetezi wake ulikuwa kwamba panga alikuwa nalo kwa bahati tu, ametoka kukata majani ya mbuzi, wakakutana njiani, marehemu akamvamia. Alijieleza vizuri sana. Wakili wa Serikali alimzungusha huku na huku, hakumpata. Siku zile jaji aliandika kila kitu kwa mkono. Mtu anasema kwa Kiswahili, jaji anaandika kwa Kiingereza, na sisi wote tunasubiri kalamu isimame. Kwenye kusubiri kule ndiko nilikopata nafasi ya kufikiri. Jaji alipouliza kama wazee tuna swali, nikasema ninalo.

"Mbuzi wako unawapa majani saa ngapi?"

"Jioni."

"Jioni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, kabla sijawafungia."

"Sasa haya ya saa tatu usiku ulikuwa unamkatia nani?"

Hakujibu. Akamtazama wakili wake, wakili akatazama makaratasi. Mimi nilikaa karibu, nikamwona jaji anaandika kisha anapigia mstari. Zuhura, nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sijawahi kuuliza swali lililokaa sawa kama lile. Nilipoulizwa maoni nikasema alikusudia. Mwenzangu akasema hivyohivyo. Jaji akakubaliana nasi, akamhukumu kunyongwa hadi kufa.

Nilipotoka nje nilimkuta mama wa marehemu chini ya mwarobaini, kanga kichwani, amekaa na mfuko wake. Alihudhuria kila siku na hakuna siku aliyolia. Nikampa pole, nikamwambia haki imetendeka. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, nani atanilimia?" Alitaka jibu kabisa, alikuwa ananitazama. Nikamwambia Mungu yupo. Nikapanda baiskeli.

Sasa nusu ya pili, ambayo mama yako haipendi. Kijana alikata rufaa. Miaka ikapita, mimi nimeshasahau, siku moja karani aliyekuwa pale akanisimamisha nje ya msikiti akaniambia, "Mwalimu, umeandikwa na Mahakama ya Rufani." Akanionyesha karatasi. Nilikuwamo kweli, bila jina, mzee wa baraza namba moja, na maswali yangu ya mbuzi yote yamepangwa kwa Kiingereza safi. Majaji walisema mzee wa baraza anaruhusiwa kuuliza ili apate ufafanuzi, lakini kumhoji mshtakiwa kama wakili wa upande wa pili haruhusiwi, maana anakuwa ameshaegemea upande. Kwa hiyo mwenendo wote ukafutwa, kesi ianze upya. Wala si yangu peke yake. Kesi nyingi za mauaji zilianguka hivyo nchi nzima, ama kwa maswali ya wazee, ama kwa sababu jaji hakuwaeleza vizuri mambo ya sheria. Tangu 2022 jaji halazimiki tena kukaa na wazee, na nadhani sisi na maswali yetu tulichangia.

Mpaka leo nasema lilikuwa swali zuri.

Kesi ilipoanza upya, shahidi mmoja alikuwa ameshafariki. Kijana akakiri kuua bila kukusudia, upande wa mashtaka ukakubali, akapewa miaka, ikahesabiwa na ile aliyokwisha kaa, akatoka. Tunakutana sokoni. Ananyanyua kofia: "Shikamoo mwalimu." Na mimi naitika marahaba, ningefanya nini? Mtu niliyesema alikusudia, na bado naamini alikusudia, yuko hai kwa sababu ya swali lililomtia hatiani.

Utasema, baba, asingenyongwa hata hivyo, kwetu hawanyongi. Ni kweli. Kamba ilitumika mara ya mwisho 1994. Rais ndiye anayetia saini, na marais waliofuata hawakutia. Magufuli alilisema waziwazi Septemba 2017, siku anamwapisha Jaji Mkuu, kwamba yeye hataweza. Desemba 9 mwaka uleule, pale Uwanja wa Jamhuri Dodoma, akatangaza msamaha kwa wafungwa 61 waliohukumiwa kunyongwa. Waulize wenzako kama wanawakumbuka. Siku hiyo nchi nzima ilimwimba Babu Seya na Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha. Wale 61 hakuna aliyewapokea kwa ngoma.

Kwa hiyo unavyoniuliza kamba au kifungo, naona kama kwetu vimeshakuwa kitu kimoja. Aliyehukumiwa kunyongwa anakaa gerezani mpaka anazeeka, tofauti yake ni kwamba kila Rais mpya akiapishwa anajiuliza huyu naye mkono wake ukoje. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliliona hilo mapema. Mwaka 1994, Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni adhabu ya kikatili inayotweza utu, halafu ikasema ibaki, kwa maslahi ya umma. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa napalilia. Umma ndiyo sisi. Basi yule mama chini ya mwarobaini naye ni umma, na maslahi yake sikuyaona.

Lakini usinishike hapo. Wewe ulikuwa mdogo mjomba wako Hamza alipouawa, unayajua ya kuhadithiwa tu. Mimi ndiye niliyekwenda kumtambua. Siku ile ningepewa hiyo kamba ningeivuta mwenyewe na jioni ningekula wali. Nililisema hilo msibani mbele za watu. Bibi yako hakuulizia kamba wala kifungo. Aliuliza kama Hamza alipata mtu wa kumpa maji. Nikamwambia alipata. Hilo nalo usilirudie mbele ya mama yako.

Katika dini yetu jambo hili wameachiwa warithi wa marehemu: kisasi, au diya, yaani fidia ya damu, au msamaha. Napenda kwamba pale aliyebaki anaulizwa. Halafu najibishana mwenyewe: na mwenye pesa akiua, atalipa ng'ombe na ardhi, aondoke anacheka, na maskini mwenzake anyongwe? Na mama mjane atawakatalia vipi wazee wa ukoo wakishakubaliana diya bila yeye? Hapo nakwama.

Ninachokijua bila kukwama ni hiki. Jaji apewe nafasi ya kupima. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema hivyo Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba hukumu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kuchagua inavunja haki ya kuishi. Mimi nilisema kabla yao, ila mimi nilisemea jikoni.

Na shamba? Wenzako hawakukuuliza habari za shamba, najua. Yule mama alihamia kwa binti yake Muheza, hakuwa na wa kumlimia. Sehemu iliyogombewa inalimwa na ndugu wa muuaji, wamepanda mihogo mpaka ng'ambo ya ule mpaka. Walianza mwenzao akiwa bado anasubiri kunyongwa. Angenyongwa wangelima, angefungwa maisha wangelima, ametoka wanalima pamoja. Watu watatu, mwanangu. Nimekwenda kwa mtendaji nikaulizwa mimi ni nani katika familia ile.

Sasa usiende kuwaambia kwamba baba anapinga kunyonga. Sijasema hivyo. Wala usiwaambie anaunga mkono. Yule aliyemuua Hamza, nikimfikiria usiku... lakini hapana, hilo ninalo, silitoi kwenye barua. Ukija Iddi tutaongea, mimi na wewe, mama yako akishalala. Niletee na hiyo hukumu ya Arusha, uichapishe kwa herufi kubwa, miwani yangu imepasuka upande mmoja na sijapata nauli ya kwenda hospitali ya Bombo.

Baba yako.