Mnyama mdogo hukuonya kwanza

Wanaoniomba ushauri kabla ya kwenda kulala porini huniuliza habari za simba na chui. Mimi huwaambia wajifunze kwanza tabia za wanyama wadogo, kwa sababu hao ndio watakaokutana nao usiku, na ndio watakaomdhuru mbwa wao. Uzuri ni kwamba wengi wao hutoa onyo mapema. Kazi yako ni kulitambua.

Nungunungu huonya kuliko wote. Akishtuka husimamisha miiba mpaka mwili uonekane maradufu. Kisha hutikisa mkia, na kwa kuwa miiba ya mkiani ina uwazi ndani, hutoa mchakacho mkali unaosikika vizuri gizani. Hupiga miguu chini, huguna. Usipoondoka, hukugeuzia mgongo na kukujia kinyumenyume kwa kasi. Wengi bado wanaamini kwamba hurusha miiba kama mishale. Harushi. Miiba imeshikwa na ngozi kwa ulegevu tu, kwa hiyo ikishamchoma adui hung'oka na kubaki mwilini mwake. Simba wamewahi kufa kwa vidonda hivyo, kwani mwenye miiba usoni au kwenye nyayo hawezi kuwinda. Ukisikia ule mchakacho, simama, mshike mbwa, mpe nungunungu njia. Mbwa akishachomwa mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi. Usiikate miiba, maana kipande kinachobaki huzidi kuzama.

Kicheche yeye huonya kwa milia yake myeupe kwenye manyoya meusi. Akiinua mkia na kukuelekezea nyuma, rudi haraka. Majimaji ya tezi zake yananuka vibaya sana na huwasha macho.

Anayenistaajabisha zaidi ni panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu na shungi mgongoni. Hutafuna gome la msunguti, mti uleule ambao wawindaji wa zamani walitoa sumu ya mishale, kisha hupaka mate yenye sumu hiyo kwenye ukanda wa nywele za ubavuni. Nywele hizo zina matundu na nyuzi ndani, zinafyonza sumu na kuihifadhi. Wanasayansi walieleza jambo hili mwaka 2011. Akitishwa hakimbii: hutanua manyoya na kuonyesha ukanda huo kana kwamba anamwambia adui aume papo hapo. Mbwa akiuma, moyo wake unaweza kusimama. Kwa hiyo panya mzito, mwenye mwendo wa polepole na asiyekuogopa, usimguse wala usimruhusu mbwa amnuse.

Kuna panya wengine wadogo wenye nywele ngumu kama miiba, ambao ngozi yao huchanika kirahisi ili adui abaki na kipande mdomoni. Mwaka 2012 ilichapishwa kwamba ngozi hiyo huota upya, na nywele zake, bila kovu la kawaida. Hata hivyo usimkamate panya wa porini kwa mkia wala kwa mgongo ili umpige picha. Jeraha hilo linamgharimu.

Kakakuona hategemei onyo. Hujiviringa, akaficha uso na tumbo ndani ya magamba ya keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha zetu, na simba humgeuzageuza mpaka akachoka. Lakini kinga hiyohiyo inamponza mbele ya binadamu, ambaye humwokota tu na kuondoka naye. Biashara ya kimataifa ya aina zote nane ilipigwa marufuku kwa makubaliano ya mwaka 2016, na bado anawindwa. Ukimkuta usijaribu kumfunua. Kaa mbali, atajikunjua mwenyewe. Na nakusihi sana: usitaje mtandaoni mahali ulipomwona, na ufute taarifa za mahali kwenye picha kabla hujaituma.

Mwisho, mtoto wa sungura wa porini. Utamkuta peke yake majanini, ametulia tuli, ukadhani ametupwa. Hajatupwa. Kutulia na kuwa na harufu hafifu ndiyo kinga yake, na mama hukaa mbali makusudi asiwavute adui, akaja kumnyonyesha mara moja hivi kwa siku, jua likishazama. Usimbebe. Rudi kwa njia uliyojia, na umfunge mbwa kamba mpaka mtakapokuwa mbali na hapo.