Barua kwa mwanangu: programu inapokufa katikati ya kazi

Busia, Jumanne usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako wa kutoka Kampala umenikuta nikifunga ghala la mahindi. Unasema kwenye programu yako ya C umeandika fankisheni ya kusafisha, ukaisajili kwa atexit ili iitwe yenyewe programu ikiisha, lakini ukibonyeza Ctrl na C faili la mauzo linabaki nusu na fankisheni haiitwi kabisa.

atexit haina kosa. Huitwa programu ikitokea mlango wa mbele: main ikirudi, au wewe ukiita exit. Ctrl na C hutuma SIGINT, signali ya kuikatiza programu, na usipoishika, programu inauawa papo hapo. Ile mistari uliyoandika kwa fprintf ilikuwa bado kwenye bafa, akiba ya muda ndani ya kumbukumbu, haijafika kwenye faili. Imezikwa nayo.

Sasa najua utakachofanya, maana nilikifanya mimi: utaandika kishikaji cha signali, yaani fankisheni inayoitwa signali ikifika, ujaze humo fclose, free na printf ya kwaheri. Koma hapo. Signali inaweza kuingia malloc, inayogawa kumbukumbu, ikiwa katikati ya kazi, imeshika kufuli. Kishikaji kikiita free, inayorudisha kumbukumbu, kinasubiri kufuli ambalo aliyelishika ni programu hiyo hiyo. Inaganda. Tena haigandi ukiwa unaijaribu, inaganda mteja akiwa amesimama mbele yako. Ndani ya kishikaji weka mstari mmoja tu:

acha = 1;

Na juu ya faili:

static volatile sig_atomic_t acha = 0;

Kitanzi kikuu kiitazame acha kila duru. Kikikuta 1 kitoke, kifunge mafaili taratibu, kirudi main. Ila kwenye Linux, ukisajili kishikaji kwa signal ya kawaida, fgets inayosubiri mtu aandike haikatizwi. Bendera yako, acha, imepanda, wa kuitazama hayupo. Tumia sigaction bila SA_RESTART, ile alama ya kuanza kusoma upya, fgets itarudisha NULL na errno, namba ya kosa, itakuwa EINTR, yaani imekatizwa.

Umeme ukikatika, au mtu akitumia kill -9, signali isiyoshikika, hayo yote ni bure. Nilijifunza kwa kilio. Mwaka wa kwanza wa ghala, kabla sijanunua UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme, programu yangu ilifungua faili la magunia kwa fopen na "w", na "w" hufuta kila kitu kabla hujaandika hata herufi moja. Umeme ukaondoka hapo hapo. Uliporudi, ls -l ikanionyesha baiti 0. Baba yako na mimi tulikesha tukinakili hesabu ya magunia kutoka kwenye vikaratasi vya madereva, vingine vimelowa chai.

Tangu hapo naandika kwanza kwenye mauzo.tmp: fflush kumwaga bafa, fsync kuyasukuma hadi diskini, fclose, ndipo rename kulibadili jina juu ya mauzo.dat, faili lenyewe. Kwenye Linux jina hubadilika kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo utakuta faili la zamani zima au jipya zima. Laptop ya dada yako ina Windows, na huko rename ya C hukataa jina likiwa tayari lipo, basi usimpelekee hivyo hivyo. Na thamani inayorudishwa na fflush, fsync na fclose usiipuuze. Diski ikijaa, mara nyingi hapo ndipo utakapojua. Ikishindikana, usiiguse mauzo.dat.

Nitumie hicho kishikaji nikione kabla hujakiweka dukani. Na ukija Jumamosi pitia kwa mafundi uniletee betri ya UPS, hii yangu inalia tangu jana.

Mama yako