Kwa nini watu wanalikimbia somo la uzito mtaani kwetu

Mleta mada, umesema wewe ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtaa wako una watu wa kila kabila na kila dini, umepewa kazi ya kutoa elimu ya uzito uliozidi, na kina mama wakisikia tu mada wanaaga mmoja mmoja. Walionitangulia kujibu wamesema watu wetu ni wabishi. Sikubaliani nao hata kidogo. Nimekuwa muuguzi Dar es Salaam kwa miaka mingi, zaidi kwenye kliniki za presha na kisukari na kwenye mikutano ya mitaa ya Temeke na Ilala, na ninachokiona ni kwamba wanaoaga wana sababu zao. Ukizijua, kazi yako inabadilika.

Chukua mama mwenye miaka hamsini na kitu. Alikuwa binti wakati UKIMWI unaingia. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na wenzetu wa Uganda waliupa ugonjwa jina la Slim kwa jinsi ulivyomkausha mtu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Katikati hapo ni zaidi ya miaka ishirini ambayo mtu akipungua, majirani walinong'ona kwamba kakanyaga waya, yaani kaambukizwa. Huyo mama amezika ndugu na rafiki, na wote walikonda kwanza. Halafu unakuja wewe na kipaza sauti unamwambia apungue kilo ishirini. Nimemwona mgonjwa wa kisukari aliyekuwa anaendelea vizuri kabisa, sukari inashuka, viatu vinamtosha tena, akarudi kula kwa kujilazimisha kwa sababu mawifi walianza kumuuliza kaka yao maswali.

Juu ya hofu hiyo kuna sifa. Bibi harusi akinawiri, mume anasifiwa kwa kutunza. Mwanaume akiota kitambi, pesa imemkubali. Mzazi akitoka arobaini hajaongezeka, wanaolaumiwa ni waliompikia mtori na uji. Usiyacheke mambo haya mbele ya watu wala moyoni mwako. Yametoka kwa wazee walioijua njaa. Ila tatizo lenyewe ni la kweli: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa Tanzania wana uzito uliozidi au unene, na mjini hali ilikuwa karibu mara mbili ya kijijini.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwako ni huu: usianze na uzito. Anza na presha. Kila mtaa una mtu aliyepigwa kiharusi, kila mtu anamjua, na hakuna jirani atakayekusema vibaya kwa kupima presha. Weka meza chini ya mti au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mtu apumzike kwenye kiti dakika tano kabla ya kipimo, miguu ikanyage chini, asiongee. Anayekutwa na 140/90 au zaidi mrudishe siku nyingine apimwe tena, na ikiendelea hivyo apelekwe kituoni. Foleni hiyo ndiyo darasa lako. Watu wenyewe wataanza kuuliza: kwa nini mimi? Hapo ndipo unapotoa utepe wa fundi cherehani na kupima kiuno, juu kidogo ya nyonga. Kwa mwanamke, sentimita 80 kwenda juu ni hatari inaanza, kwa mwanaume 94. Mizani iweke pembeni, ndani, mtu mmoja mmoja, na kilo za mtu zisitamkwe kwa sauti. Nimeona wahudumu wakisoma kilo za watu mbele ya foleni nzima, na kesho yake foleni haikuwepo.

Umeuliza kuhusu mchanganyiko wa watu. Ndiyo, kipeperushi kimoja hakitoshi. Nilipokuwa nakwenda kwenye familia za Kihindi za Upanga na Kisutu nilikuta wanaume wembamba wa mikono na miguu, tumbo dogo tu, na sukari tayari iko juu. Kwao ukisubiri uwiano wa uzito na urefu (BMI: kilo za mtu gawanya kwa urefu wake wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo) ufike 25 ndipo useme neno, umechelewa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishaeleza mwaka 2004 kwamba kwa watu wenye asili ya Asia tahadhari ianze kwenye 23. Kiuno cha mwanaume wao nacho kinahesabiwa kuwa hatari kuanzia sentimita 90. Na baadhi yao hawali nyama, kwa hiyo somo la "punguza nyama, ongeza mboga" wanakusikiliza kwa adabu tu. Zungumza nao kuhusu samli, mithai, na chevda inayotafunwa dukani kutwa nzima. Mama wa Kichaga umuulize kuhusu mtori, machalari na bia za mwisho wa wiki. Wa pwani muulize nazi, chapati na chai ya vijiko vinne. Uliza kwanza, usibashiri kwa kuangalia sura, maana mjini Mzaramo anakula mtori na Mchaga anakunywa tui.

Sasa niseme kuhusu mafuta, maana hapa ndipo nilipopata matokeo kuliko sehemu nyingine zote. Usimwambie mtu "punguza mafuta". Kila mtu anaamini anatumia kidogo. Muulize hivi: lita moja inakaa siku ngapi, na mnakula wangapi? Familia ya watu watano ikimaliza lita kwa siku nne, kila mmoja anakula mililita 50 kwa siku, na hizo ni zaidi ya kalori 400, kabla hujagusa ugali wala wali. Wakikokotoa wenyewe, kwa kalamu yao, hubaki wanatazamana. Halafu waulize wangeweza kuifikisha siku sita? Siku saba? Hapo hujamkataza mtu chakula chake, na pesa inabaki mfukoni. Kina mama wanaonunua mafuta ya kupima ndio wanaoelewa haraka, kwa sababu kila kipimo wanakilipia kwa mkono wao. Sukari ifanye vilevile: chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37, ambazo ni kama vijiko tisa vya chai. Vimimine vijiko hivyo kwenye glasi tupu wakiwa wanaona. Kuhusu ugali na wali, mimi huwaambia nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi, chochote kilichopo sokoni. Mboga hizo ziko kila genge na mtu anashiba.

Halafu lenga kiasi ambacho mtu anaweza kuishi nacho. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari, karibu nusu yao wakiwa Weusi, Walatino, Waasia na wenyeji wa asili. Waliofundishwa kula na kutembea walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kwa kundi lao hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, wakati kwa waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, ilishuka kwa asilimia 31. Kwa mama wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Mwambie hivyo wazi: utabaki na umbo lako, magoti yatapumua, na hakuna wifi atakayeona cha kuuliza. Nimeona nyuso zikilegea palepale. Mtu aliyekuwa anajiandaa kuaga anavuta kiti.

Mazoezi nayo yanataka heshima. Joging za Jumamosi na Jumapili alfajiri ni jambo zuri sana kwa vijana, na jiji letu limejaa klabu zake. Lakini mama anayeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi, akasimama kutwa, akabeba maji jioni, ukimwambia afanye mazoezi umemtukana. Huyo somo lake ni mafuta na sukari, basi. Mke wa mfanyabiashara anayekaa ndani, ambaye hawezi kukimbia barabarani na buibui, mtafutie ua wa shule au nyumba ya mmoja wao, wanawake peke yao, mlango umefungwa, muziki wanaoupenda. Na mpango wa kitaifa wa wahudumu wa jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga zaidi ya watu 137,000 ndani ya miaka mitano, umewapanga mwanamke na mwanaume kwa pamoja. Mtumie mwenzako. Wanaume wa kijiweni watamwambia yeye mambo ambayo wewe hawatakuambia, hasa kuhusu pombe na chipsi za usiku.

Kuhusu wapi pa kukusanyia watu, usihangaike kutengeneza kikundi kipya. Wazazi wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973: watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha kikundi chenyewe kikaamua kitafanya nini, kuchimba choo au kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa njia hiyohiyo. Nguvu yake ilikuwa kwenye ile sehemu ya mwisho, kuamua pamoja. Leo vikundi hivyo tunavyo, ni vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Wanakutana kila wiki, wanaaminiana na wana daftari. Omba robo saa mwanzoni mwa kikao, kabla ya hesabu za hisa, kwa sababu baada ya hapo hawakusikii tena. Kikoba kimoja nilichokuwa nakitembelea kiliamua soda isiingie tena kikaoni, na faini ya atakayeileta iende kwenye mfuko wa jamii. Uamuzi huo haukutoka kwangu.

Wakaribishe pia wanaopika. Dada wa kazi hukaa jikoni kuliko mwenye nyumba, lakini semina zote anaitwa mwenye nyumba. Mama ntilie mmoja aliyeongeza mchicha kwenye sahani za mafundi gereji ameshawafundisha watu wengi kuliko mabango yetu.

Ramadhani panga mapema, mwezi mmoja kabla. Nenda kwa imamu, muombe aseme neno baada ya sala ya Ijumaa. Kuna watu wanafunga mchana na wanaongezeka uzito, kwa sababu futari ni sambusa, kalmati, tambi za sukari na viazi vya nazi kwa mpigo. Kufungua kwa tende na maji, kisha uji usio na sukari nyingi, na kimoja tu cha kukaanga, watu hulikubali wakiambiwa na mtu wanayemwamini. Wenye kisukari, hasa wa sindano za insulini, waonane na daktari kabla mwezi haujaandama ili dozi zipangwe upya. Makanisani Kwaresma inafungua mlango wa namna hiyohiyo.

Utakutana na biashara za dawa. Kuna chai za kupunguza tumbo ambazo nyingi ni za kuharisha, zinatoa maji tu, mafuta ya mwili yanabaki. Na kuna upande wa pili: mabinti wanaomeza vidonge vya deksamethasoni ili wanenepe na kupata umbo. Hivyo vinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Yazungumzie yote mawili kwenye kikao kimoja.

La mwisho, na hili liandike kwenye daftari lako: mtu yeyote anayepungua bila kujitahidi, hata kama mwenyewe anafurahi na wenzake wanamsifu kwa kukusikiliza, mpeleke kituoni wiki hiyohiyo. Apimwe sukari, kifua kikuu na VVU. Muulize kama ana kiu isiyoisha, anakojoa mara nyingi usiku, au anakohoa zaidi ya wiki mbili. Msindikize mwenyewe kama anaogopa macho ya watu, na uingie naye kwa mlango wa kliniki ya presha.