Gambiti ya mfalme: nichukue askari au nimwache?

Swali: Habari mhariri, kwenye mashindano ya chesi kuna mtu akiwa na nyeupe anaanza e4 (askari kwenye mraba wa e4), nikijibu e5 anatupa f4, hiyo ndiyo gambiti ya mfalme, yaani anatoa askari wa bure kabisa, sasa nichukue au ni mtego?

Jibu: Chukua ndugu yangu, ila akitoa farasi f3 usikimbilie kusukuma askari g5. Bobby Fischer wa Marekani alicheza hivyo dhidi ya Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti kule Mar del Plata, Argentina, 1960, Spassky akasukuma askari h4 papo hapo, askari wa g5 akasogea g4, farasi wa Spassky akaruka e5, na Fischer alikuwa na mchezo mzuri tu lakini akateleza, akafungwa hatua ya 29. Mwaka 1961 Fischer akaandika makala akipendekeza askari d6 kwanza, naipenda sana hiyo, farasi hapati e5 na g5 bado unayo. Akileta askofu c4, cheza h6.