Usilipigie kura sasisho ambalo hujalitumia

Kwenye Fedora, mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux, sasisho haliendi kwa watumiaji wote siku linapotengenezwa. Hukaa kwanza kwenye hazina ya majaribio, na sisi tunaojitolea tunalijaribu na kulipigia kura katika mfumo uitwao Bodhi: jumlisha moja likiwa zima, toa moja likiharibu kitu. Kwa kawaida likifikisha jumlisha tatu linaweza kutoka lenyewe. Tatu tu! Watu watatu wakibofya bila kuangalia, limeshatoka.

Nami niliwahi kubofya hivyo. Lilikuwa sasisho la programu ya kuchapisha. Nililiweka, kompyuta ikawaka, sikuona kosa, nikaandika "linafanya kazi". Sikuchapa hata karatasi moja. Wiki iliyofuata dada yangu akanipigia simu kutoka steshonari kwake. Ripoti ya mwanafunzi, kurasa 40 mbele na nyuma, na kila ukurasa wa nyuma umetoka kichwa chini. Mwenyewe amesimama kaunta, kazi inatakiwa chuoni saa nane. Sababu niliijua kabla dada hajamaliza kueleza.

Tangu hapo nasoma kwanza kilichobadilishwa, maana ndicho cha kupima. Halafu nalitumia siku nzima kwa kazi zangu. Kama ni sauti, nampigia mtu simu ya video. Kama ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, nafunika laptopu, naiacha ilale, naifunua nione kama waifai inarudi. Kerneli isikutie hofu: Fedora huweka tatu za mwisho, mpya ikigoma unachagua ya zamani wakati wa kuwasha. Vifurushi vingine vya programu mara nyingi hurudi kwenye toleo la zamani kwa amri ya dnf history undo.

Kura ya kutoa ndiyo inayowapa wageni taabu. Wengine wanaona haya, kwa kuwa aliyetengeneza naye anajitolea, tena usiku baada ya kazi. Mpe tu, lakini mweleze ulifanya nini, ukaona nini, kwenye mashine gani. Na kabla hujampa, rudisha toleo la zamani ujaribu tena. Hitilafu ikiwapo na huko, sasisho halina kosa; iripoti peke yake.

Jambo dogo nalo liandike. Machi 2024 mtengeneza programu Andres Freund, akifanya vipimo kwenye Debian sid, toleo lisilo thabiti la mfumo mwingine wa Linux, aliona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya programu ya kubana faili, xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kabla haujaingia Debian thabiti. Nusu sekunde!

Ile hitilafu ya printa niliiripoti jioni ile ile, nikaambatisha picha ya kurasa mbili. Sasisho la marekebisho lilipokuja majaribioni, nililibeba hadi steshonari, tukachapa karatasi 10 mbele na nyuma, dada akazigeuza moja moja. Ndipo nikapiga kura.