Alfa imetoka 0.41: je, nitupe dodoso?

SWALI: Nasoma uzamili wa saikolojia ya jamii, Dar es Salaam. Nimejaribu kipimo cha Rosenberg cha kujithamini, chenye kauli 10, kwa Kiswahili. Wahojiwa ni wafanyabiashara 60 wa sokoni na alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha jinsi majibu ya kauli hizo yanavyokwenda pamoja, ni 0.41. Msimamizi anasema tafsiri ni mbovu. Nianze upya?

JIBU: Bado. Kauli 5 kati ya hizo ni hasi, yaani anayezikubali anaonyesha kutojithamini, na alama zake zisipogeuzwa kabla ya kukokotoa, alfa lazima ianguke. Kwa majibu ya 1 hadi 4, toa kila jibu la kauli hasi kwenye 5, ili 4 iwe 1 na 3 iwe 2. Zitambue kwa kuzisoma, maana mpangilio wa namba hutofautiana kati ya toleo na toleo. Wanaonakili amri za SPSS (programu ya takwimu) za mwenzao hunaswa hapo.

Kisha tazama uhusiano wa kila kauli na jumla ya zilizobaki. Iliyo chini ya 0.30 itilie shaka. Ikiwa chini ya sifuri, ama hukuigeuza, ama imeeleweka kinyume. Chukua "Sina mengi ya kujivunia". Mama anayejivunia biashara yake husomewa, hujibu "Ndiyo, ninayo!", na karani anatia alama kwenye "nakubali". Hapo mtu anayejithamini amepata alama za asiyejithamini. Si ajabu ya sokoni kwako tu: Schmitt na Allik (2005), katika mataifa 53, walikuta kauli hasi hazieleweki kwa namna moja kila mahali.

Kama tatizo ni hilo, kaa na wafanyabiashara 8 hadi 10, si wanafunzi wenzako. Wasomee kauli moja moja, uliza "Umeelewaje?" na "Kwa nini umejibu hivyo?", andika maneno yao yalivyo. Rekebisha, kisha jaribu kwa watu wapya. Kutafsiri tena kwenda Kiingereza hakutoshi. Mtafsiri hodari hurudisha vizuri hata sentensi asiyoisema mtu yeyote mtaani.

Usifute kauli moja moja hadi alfa ipande. Maneno yakibadilika, ijulishe kamati ya maadili kabla ya kurudi uwandani, na data za majaribio usizichanganye na za utafiti wenyewe.

SWALI: Naweza kuwahoji wanachuo pekee?

JIBU: Unaweza, mradi kichwa cha tasnifu kiseme "wanachuo", si "Watanzania".