Kutoka maandamano hadi sola: si usaliti

Mdogo wangu, umeuliza kama kukubali kazi kwenye kampuni ya umeme wa jua ni kuwasaliti wenzako mliopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, kule Lamu. Hapana, si usaliti. Leseni ya mazingira ya mradi ule ilifutwa 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini giza halikufutwa siku ile.

Mimi nami nilibeba mabango. Leo nafunga sola visiwani. Mwezi wangu wa kwanza nilipanda paa la duka la samaki kule Pate, nikakuta viungio vya nyaya vimeota ukungu wa kijani, chumvi ya bahari imevila. Friji imezima tangu jana, samaki wananuka. Mama mwenye duka hakuniuliza lolote kuhusu tabianchi. Aliuliza, "Itawaka leo?" Hapo ndipo nilipojua nimefika kazini.

Tafuta leseni ya fundi wa sola kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati Kenya, maana bila hiyo utabeba ngazi za wengine tu. Shuka pia hadi Langobaya, Malindi, ukaone mtambo wa jua wa megawati 40 unaolisha gridi ya taifa.

Kabla ya kutia saini, uliza ardhi ya mradi ni ya nani na wenyeji waliambiwa nini. Kusoma ripoti za mazingira ulishajifunza, na hilo mafundi wengi hawana. Kisha waambie wenzako mwenyewe, kabla hawajasikia barazani.